Mashine Ndogo, Nyimbo Ndefu

Mimi ni fundi wa redio, na karakana yangu iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za Tanga zinazoitwa kwa namba badala ya majina. Mwisho wa juma napiga muziki arusini. Nasema napiga kwa kuwa ndivyo tusemavyo, ingawa hakuna ninachokipiga. Waliopiga ni wenye magitaa na ngoma zao, ambao wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mimi nawafungulia mlango tu waingie uani kwa watu.

Zamani kazi hii ilihitaji pikapu. Katika miaka ya 1980 mwenye disko alibeba deki mbili za kanda, mikseri, amplifaya, masanduku ya kanda, na kijana wa kuyalinda masanduku hayo yasiibiwe. Spika bado ni nzito, na hizo nazikodi hukohuko niendako. Vilivyobaki vyote vinaenea katika mkoba wa shule: kompyuta ya mapajani, hedifoni, na kontrola ndogo ya Numark iitwayo DJ2GO2, ambayo urefu wake unakaribia rula ya mwanafunzi. Ina visahani viwili vya kuzungusha kwa kidole, kijiti cha kuongeza na kupunguza kasi kila upande, fada ya katikati ya kuvukia kutoka wimbo huu kwenda ule, tundu la spika na tundu la hedifoni. Umeme wake inaunyonya kwenye kompyuta, kwa waya uleule unaopeleka amri. Ukiichomoa haina wimbo hata mmoja tumboni. Hiyo ni mikono mitupu. Nyimbo ziko kwenye kompyuta, na kazi ya kuchanganya inafanywa na programu.

Tundu la hedifoni ndilo moyo wa mambo yote haya. Kwa hilo nasikia wimbo ujao kabla waalikwa hawajausikia, nautengeneza kasi yake, kisha nauingiza chini ya ule unaokwisha, mtu acheze asijue amehamishwa wapi.

Kuna na kitufe kilichoandikwa SYNC, ambacho mpwa wangu anakipenda kupita kiasi. Programu husikiliza wimbo mapema, hupima mapigo yake, halafu huyachorea mistari yenye nafasi sawasawa, kama mistari ya daftari. Ukibonyeza kitufe, nyimbo mbili zinafungwa kasi moja bila sikio lako kuhangaika. Kwa singeli, muziki uliozaliwa Dar es Salaam mitaa ya Manzese na Tandale, kitufe hicho ni rehema. Singeli hutengenezwa kwenye kompyuta, mapigo yake yanaweza kupita 200 kwa dakika, na hayalegei hata nukta moja. Mkono wa mtu wa umri wangu ungekimbizana nayo mpaka alfajiri.

Sasa ndugu msomaji, jaribu kitufe hicho kwa Black Star Musical Club.

Wasiokuwa wa pwani huenda hawajui kwamba taarab ya Tanga ilikuwa na njia yake. Wakati Unguja walishikilia fidla na kanuni, vijana wa Tanga katika miaka ya 1960 walitia gitaa la umeme na besi, wakachapua mwendo karibu na rumba. Black Star ndio waliotangulia, na Lucky Star wakameguka kutoka kwao. Katika mji huohuo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walikuwa wakipiga dansi, na masikio hayana ukuta. Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016, sauti yake ilijulikana kupitia bendi hizo kabla hajahamia Dar es Salaam. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa nyimbo za Black Star na Lucky Star katika sahani iliyoitwa Nyota, na Wazungu wakazisikia nyimbo ambazo mama zetu walikuwa wamekwisha kuzihifadhi kwa moyo.

Watu hao walipiga kwa mikono na pumzi. Wimbo ulianza polepole, mwimbaji akishapata moto mpiga besi naye anamfuata, na wakifika mwisho wako mbele ya pale walipoanzia. Mistari ya programu haiyajui hayo. Ubeti wa kwanza iko sawa, wa pili imeanza kuteleza, wa tatu nyimbo mbili zinakanyagana kama wapagazi kwenye ngazi. Mpwa wangu husema, "Mjomba, wimbo huu una kasoro." La hasha! Wimbo hauna kasoro. Kilichopungukiwa ni ile rula.

Liko jambo jingine zito kuliko kasi. Vijana wa sasa wanakata wimbo baada ya dakika moja na nusu, kwa hofu kwamba watu watachoka. Katika disko sawa, kwa kuwa unayemhudumia ni mguu. Katika taarab unamhudumia mtu anayengoja maneno. Mwanamke aliyekaa kimya pembeni, noti ameikunja kiganjani, anangoja ubeti wake. Ukifika atanyanyuka, ataipepea ile noti mbele ya yule anayekusudiwa, na yaliyomkaa kifuani mwaka mzima yatakuwa yamesemwa bila yeye kufungua kinywa. Mwenye kuukata wimbo kabla ya hapo amemziba mtu mdomo.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye arusi Pangani, kilomita zipatazo 50 kutoka Tanga mjini. Baada ya saa nne usiku nikaweka wimbo mmoja mrefu wa zamani, ambao niliunakili kutoka kanda iliyorekodiwa redioni. Nakala yangu inakatika kabla ya mwisho, kwa sababu upande wa kanda ulikwisha wimbo ukiendelea. Hapo siku zote huingiza wimbo mwingine juu yake, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Wimbo ukiwa katikati, umeme ukakatika. Spika zikanyamaza, taa zikazimika, na jenereta ikaonekana haina petroli. Kijana akatumwa kuitafuta. Kompyuta yangu ilikuwa na betri, kwa hiyo kwenye hedifoni wimbo ulikuwa ukiendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Nikainua hedifoni upande mmoja, na kwa sikio lililo wazi nikasikia kwamba uani nako unaendelea. Wanawake hawakunyamaza. Walipiga makofi na kuimba gizani, polepole kuliko bendi.

Nikashika kijiti cha kasi. Nilitaka umeme ukirudi niwaingizie muziki palepale walipo, neno juu ya neno. Nikapunguza kidogo, wakanitangulia, nikaongeza, wakalegeza. Kwa kidole nikasukuma kisahani mpaka sikio la kulia na la kushoto yakasema kitu kimoja. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na sijapata kuona raha kama ile ya kuwafuata watu wasiojua kwamba wanafuatwa.

Halafu kanda yangu ikafika mwisho wake. Hedifoni kimya. Uani wakaendelea.

Wakaimba ubeti ambao sijawahi kuusikia. Aliyeongoza alikuwa somo wa bibi arusi, mama mtu mzima aliyekuwa ameketi karibu na binti, akimwimbia yeye na si mwingine, na wenziwe wakipokea kiitikio. Maneno yake sitayaandika hapa, hayakuwa yangu. Bibi arusi alikuwa akihamia Mombasa kwa mumewe, na ubeti ule ulihusu kuondoka.

Katikati yake jenereta ikanguruma, taa zikawaka, na mjomba wa bibi arusi, ndiye aliyenilipa, akapaza sauti, "Muziki! Muziki, fundi!" Mkono wangu ulikuwa kwenye kishikizo cha sauti nikauacha palepale, sifuri. Ningeweka nini? Akaja mpaka mezani akaniuliza kama vyombo vimeungua. Nikamwambia, "Subiri, mzee, wamalize." Wakamaliza, vigelegele vikapigwa, nami nikaingiza wimbo mwingine chini ya vigelegele hivyo.

Asubuhi katika kuhesabu malipo alinikata shilingi elfu thelathini kwa muda ambao vyombo vilikaa kimya. Nilimweleza, hakuelewa, nikazichukua zilizobaki.

Kabla ya kupanda gari la Tanga nilikwenda kumwamkia yule somo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa ngoma ya jana?"

Nikamweleza habari ya kanda iliyokatika, nikamwomba aniimbie ule ubeti niurekodi kwenye simu, japo mara moja. Alicheka sana.

"Niimbe asubuhi, nimekaa na kikombe cha chai? Namwimbia nani?"

Akanikaribisha mkate wa kumimina. Kisha akasema kwamba Mfunguo Mosi anamwoza mjukuu wake, nije, na safari hii mkataba tuandikiane mimi na yeye, si na wanaume. Nilikubali. Niliporudi Ngamiani nilifungua ule wimbo kwenye kompyuta, nikafuta mistari yote ya mapigo, na pale sauti inapokatika nikatia alama nyekundu. Mpwa wangu aliniuliza hapo anatakiwa kuingiza wimbo gani. Nikamwambia asiingize kitu.