Mara Tatu kwa Kila Sekta

Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa akisafisha msimbo wetu wa kusomea diski, akafuta mistari inayorudia ombi mara tatu. "Mzee, diski ikikataa imekataa. Hii inatuchelewesha tu." Ana shahada ya kompyuta na hajawahi kushika disketi.

Mistari hiyo ilitoka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi aliyekuwa na meza chini ya ngazi za nyumba ambayo siku hizi ni ghorofa la maduka ya simu. Nilikuwa nikisema nilimjua 1998, mvua za El Niño zilipokwisha. Daftari langu linasema 1999. Basi na iwe hivyo.

Meza ilinuka risasi ya kuchomelea na spiriti. Disketi zilizolala kabatini masika yote zilikuwa zikiota ukungu. Alisogeza kibati kwa ukucha, akazungusha kitovu taratibu, akautazama utando kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaupitishia pamba yenye spiriti. Mteja alinyamaza. Utando ulipokauka, aliwasha programu aliyoiandika mwenyewe kwa C, ambayo haikupitia DOS. Iliiomba BIOS moja kwa moja: upande huu, njia hii, sekta hii.

Disketi ya kawaida ina njia 80 kila upande, sekta 18 kila njia, baiti 512 kila sekta. Jumla sekta 2,880. Uliponakili faili, DOS ilikwama kwenye sekta moja mbovu na faili zima likabaki humo. Programu ya fundi iliiruka, ikaokota zilizo nzima, ndipo ikarudi kuzibembeleza zilizogoma. Jedwali la FAT, linaloonyesha kila faili limelala wapi, lina nakala mbili. Ya kwanza ikiharibika, alisoma ya pili. Nimeona tasnifu ya mwanafunzi wa Mlimani ikirudi hivyo, na hesabu za duka la vitenge, na orodha ya chama cha kuzikana.

Na kurudia kulikuwa na sababu. Mota ya disketi hukawia kushika kasi. Ukiomba sekta mapema, unajibiwa kosa ilhali disketi ni nzima. Nilimweleza kijana, akairudisha mistari, akaandika sababu juu yake. Inaniudhi kwamba vyuoni wanafundishwa kufungua faili na hawaambiwi limelala wapi.

Mimi mwenyewe niliusafisha msimbo huo nilipouhamishia Linux. Namba 512 ilitapakaa kila kona. Zilipoingia diski za sekta za baiti 4,096, niliing'oa, nikaifanya programu iulize ukubwa wa sekta kwanza, na usomaji wote ukapita mlango mmoja.

Baadaye zikaja flashi na virusi vyake, migawo ya umeme, kisha simu. Mafundi wengi wa sasa wanafomati kwanza, wanauliza baadaye. Kwenye SSD, amri ya TRIM ikishapita, palipofutwa mara nyingi hujibu sifuri tupu, na hapo fundi hana la kufanya.

Ila bado kuna maboksi ya disketi chini ya vitanda Ilala na Upanga, na sumaku yake inafifia. Kisomeo cha USB hakikuachii kuongoza kichwa wala mota. Mwenye kompyuta ya zamani yenye kisomeo cha ndani asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tunaihitaji sasa.