Mundu wa shambani na mundu wa kwenye damu

Haya ndugu zangu, leo tuongee kuhusu seli. Najua wengine mmeshakumbuka kidato cha kwanza: mwalimu kachora ubaoni kitu kama yai la kukaanga, mshale huku "kiini", mshale kule "utando". Tukakariri kwa Kiingereza kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, tukapata alama zetu, tukafunga daftari. Nani alituambia kwamba kitu hicho kinaweza kuamua uzae na nani?

Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1665 na Mwingereza Robert Hooke. Alitazama kipande cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vidogo, akaviita kama vyumba vya watawa. Naam, ni ukoo mmoja na ile "selo" ya polisi!

Sasa twende kwetu Kakese, nje kidogo ya Mpanda mjini. Kwetu ni mpunga. Ukifika wakati wa mavuno utakuta watu wameinama na miundu mikononi toka asubuhi. Bua la mpunga halina mfupa hata mmoja, lakini linasimama, kwa sababu kila seli yake ina ukuta mgumu. Anayelivuna ana seli za aina nyingine kabisa. Chembechembe nyekundu za damu yake hazina ukuta, na zikishakomaa hazina hata kiini. Ni laini, zimebonyea katikati, na zinajikunja kupita kwenye mishipa myembamba kuliko zenyewe ili kufikisha oksijeni. Kila moja huishi siku kama 120, karibu msimu mmoja wa mpunga.

Kuna watu ambao chembechembe hizo hazijikunji. Badiliko moja dogo sana kwenye maelekezo ya kutengeneza himoglobini linatosha. Oksijeni ikishaachiwa, himoglobini hiyo hugandamana, na chembe inapinda na kukakamaa mfano wa mundu. Zinanasa, zinaziba njia, na nyingi zinakufa ndani ya siku 10 hadi 20. Ndiyo selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Mimi naona Kiswahili kimetutendea haki hapa. Mkulima wa Kakese hahitaji kamusi kulielewa jina hili.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa nayo. Alipokuwa mchanga vidole vilimvimba, baadaye macho yakawa ya njano, na usiku alilia kwa maumivu ya mifupa mpaka majirani wakaamka. Wengine walisema karogwa. Wengine, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, walisema mama yake ndiye mwenye damu mbaya. Alifariki akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyemwambia mama mdogo kwamba mtoto haupati ugonjwa huu mpaka arithi kutoka pande zote mbili. Baba alichangia sawasawa na mama. Lakini lawama ilibebwa na mmoja.

Mwaka jana nilipima. Nimerithi upande mmoja tu, kwa hiyo siumwi, ila naweza kumrithisha mtoto. Na hapa ndipo mambo yanapogeuka. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba wenye urithi wa upande mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huu umeenea sehemu zenye mbu wengi kama kwetu. Kwa hiyo kitu kile kile kilichomuua mdogo wangu, huenda ndicho kilichonivusha mimi utotoni. Sijui nishukuru au nilie.

Nilimwambia mchumba wangu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi na mimi nikapime." Majibu yake bado. Tukiwa sote tumebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, maana wapo wanaodhani ukishazaa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Hesabu inaanza upya kila mara.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Siyo hukumu ya kifo tena. Muhimbili, timu ya Profesa Julie Makani ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa, ikafikia maelfu. Ipo dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu. Mtoto akigundulika mapema, akakingwa na maambukizi, ana nafasi nzuri ya kukua. Shida ni kujua mapema, na Kakese ni mbali na Muhimbili.

Wazee wetu wakipeleka posa huuliza mengi: ukoo gani, tabia zao zikoje, kwao kuna wizi au kifafa? Mimi naomba waongeze swali moja tu, na waliulize pande zote mbili bila kumwangalia mwanamke peke yake: mmepima damu?