Kuchagua Darubini ya Nyumbani

Huku kwetu Mwimbi, katika nyanda za juu za Ufipa, kiangazi huleta usiku usio na mawingu, na nyota huonekana tele. Fedha ya mahindi ilipopatikana, tulishauriana nyumbani kununua darubini ya kioo, namna ile aliyoitengeneza Isaac Newton mwaka 1668.

Wauzaji husifu kukuza mara 500. Maneno hayo tuliyaacha, kwa kuwa kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru, nayo hutegemea upana wa kioo. Kioo cha milimeta 150 hupokea nuru mara nne ya kile cha milimeta 75. Kitu kikikuzwa kupita nuru yake, huonekana ukungu tu.

Watoto walitaka kioo cha milimeta 200, na kweli hicho chashinda. Lakini darubini yake pamoja na kitako yapata kilo 20. Mwenye nguvu akiwa safarini, nani ataitoa uani? Darubini ikaayo ndani haionyeshi nyota. Basi tulichagua ya 150, yenye kitako cha mbao kizungukacho, kifupi na imara, hata mtoto wetu mdogo huchungulia.

Twatazama miezi minne ya Mshtarii na pete za Zohali. Na Kilimia, ambamo macho huhesabu nyota sita, mna makumi. Sharti ni moja: isielekezwe kwenye jua kamwe, maana hupofusha mara moja.

Ndugu msomaji, kabla hujapima kioo, pima mikono itakayoibeba.