Nyimbo Zisizozeeka

Mwaka jana tulimzika kaka yetu mkubwa hapa Lubumbashi. Usiku wa pili wa matanga, watu walipokuwa wameketi uani karibu na moto, kijana mmoja alishika gitari akapiga wimbo wa zamani wa Mwenda Jean Bosco. Hakuimba, alipiga tu, kwa vidole viwili, kidole gumba na kidole cha shahada, kama mafundi wa Katanga walivyopiga zamani. Wazee wakanyamaza. Mama mmoja mzee akaanza kuimba maneno yake polepole, macho yamefumbwa. Watoto wa shule waliokuwa wakichezea telefoni zao wakaziweka chini, wakasikiliza.

Kijana yule ni mtoto wetu wa mwisho. Siku ile tulikuwa hatujasemezana naye kwa muda wa miezi minane.

Habari hii inatuaibisha kidogo. Lakini aibu ya mzee mmoja yaweza kuwafaa wengi, ndiyo maana tunaiandika.

Tulizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, wakati mji huu ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966. Baba yetu alifanya kazi penye tanuru za kuyeyusha shaba. Siku ya posho jioni, jirani yetu alikuwa akiweka gramofoni yake dirishani, na njia nzima ilisikia. Hapo tulizijua African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco. Sisi watoto hatukujua Lingala. Tulijifunza humo humo katika nyimbo, neno moja moja, na mara nyingi tulikosea, lakini tuliimba kwa nguvu.

Za Mwenda zilikuwa namna nyingine. Yeye alikuwa mtu wa kwetu, mwenyeji wa Bunkeya, aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akanasa sauti yake. Toka siku ile gitari ya Katanga ilisikika mbali: Rhodesia, Kenya, hata Ulaya. Mtu mmoja na gitari moja, na ungedhani wanapiga watu wawili.

Kaka yetu alipatwa kabisa. Alitafuta bidoni ya mafuta, akachonga shingo ya mti, akatia nyuzi za breki za baiskeli. Akakaa nyuma ya nyumba akitafuta kwa vidole vyake yale aliyoyasikia dirishani kwa jirani. Siku moja ya mwaka wa 1965 baba alirudi kutoka kazini, akaichukua ile gitari akaivunja juu ya jiwe la kufulia. Akasema: «Gitari na chupa ni ndugu wa tumbo moja.» Kaka hakulia. Aliokota zile nyuzi, akazikunja, akazitia mfukoni.

Baba yetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaona rafiki zake wakimaliza mshahara wa mwezi kwa usiku mmoja, na nyumba zao zikilala njaa. Penye chupa alikuta muziki, basi akauhukumu muziki. Lakini baba huyo huyo alijivuna sana kwa ile Missa Luba, waliyoiimba watoto wa Kamina pamoja na Padri Guido Haazen mwaka wa 1958, kwa ngoma na kwa sauti za Kiluba. Kwa miaka mingi ngoma haikukaribishwa kanisani, na tazameni, imefika mpaka altareni! Mwaka wa 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano wenyewe ulisema muziki wa kila taifa upewe heshima yake. Baba alifurahi. Hakuwaza kwamba mikono inayopiga ngoma ya Misa ni ndugu ya mikono iliyotengeneza gitari ya bidoni.

Miaka ikapita. Kabasele alifariki mwaka wa 1983, Franco mwaka wa 1989, Mwenda mwaka wa 1990. Tabu Ley Rochereau alifariki mwaka wa 2013. Wenyewe wamekwenda, nyimbo zimebaki. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya nchi zetu zote mbili, katika hesabu ya urithi wa watu wote. Lakini hata bila karatasi ile watu walikuwa wanajua. Nendeni kwenye arusi yoyote. Ikipigwa rumba ya miaka ile, bibi anasimama, na mjukuu anasimama, wala hakuna anayemwuliza mwenzake hatua.

Kwa nini? Wazee wenzetu husema: «Kwa sababu muziki wa zamani ulikuwa mzuri, na wa leo ni makelele.» Sisi pia tulisema hivyo. Leo tunaona ni jibu la uvivu. Wakati ule pia zilitoka nyimbo mbaya, tena nyingi. Hatuzikumbuki, basi. Wakati ni ungo: pumba zimepeperuka, na sisi tunatazama unga peke yake tukisema mahindi ya zamani hayakuwa na pumba.

Tena zilizobaki hazikubaki bure. Disiki za siku zile zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande. Mwimbaji hakuwa na muda wa kuzunguka. Alisema neno lake, la mapendo au la kilio au la mapesa yaliyokwisha, kisha akaziachia gitari. Maneno yalisikika, mtu akaweza kuyaimba huku akifagia uani. Na mambo yenyewe ni yale yale: mtu kuachwa, mtu kukopa, mtu kumlilia mama yake. Mjukuu anayakuta leo kama nkambo wake alivyoyakuta.

Tena nyimbo zile zilibeba mambo yetu mazito. Mwanzo wa mwaka wa 1960, wakubwa wa Kongo walipokutana Bruxelles kwa Meza ya Mviringo, Kabasele na wenzake walitunga kule kule Indépendance Cha Cha. Katika wimbo mmoja waliyaweka pamoja majina ya Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe na wengine. Mwaka haukupita, watu wale walikuwa wamegawanyika. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na mwezi wa Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na mji huu huu wetu. Lakini katika wimbo bado wameketi pamoja. Kila unapopigwa, wanakaribishana tena. Pengine ndiyo sababu wazee wengine hucheka wanapousikia, na wengine hufuta machozi.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Alikuwa akipiga gitari katika kwaya ya parokia. Siku moja alituambia amepata kazi ya kupiga na wenzake katika baa. Tulikasirika. Tukasema muziki wa leo si muziki, wa siku zetu ndio uliokuwa na akili. Akajibu kwa adabu: «Baba, nyimbo za siku zenu zilipigwa wapi? Si katika baa?» Hatukuwa na jibu. Na mzee asiye na jibu huinua sauti. Tukamwambia atafute mahali pengine pa kulala. Akaenda.

Usiku ule wa matanga, alipomaliza kupiga, tulimsogelea tukamwuliza: «Nani alikufundisha mkono huu?»

Akasema: «Baba mkubwa. Kila siku ya posho alasiri, tangu nilipokuwa na miaka kumi na mine.»

«Mbona hatukujua?»

«Alisema nisikuambie, Baba. Alisema una moyo wa nkambo, utaogopa.»

Kisha akatoa mfukoni kikopo kidogo. Ndani mlikuwa na nyuzi za breki, zimekunjwa, zimeota kutu. Kaka alikuwa amezitunza tangu mwaka wa 1965. Alimpa kijana kabla ya kufariki, akamwambia hazina sauti tena lakini asizitupe.

Wasomaji wapenzi, hatukutoa hotuba. Tulikaa chini karibu naye, tukamwomba apige tena. Tulielewa kwamba sisi nasi tulivunja gitari, ila hatukutumia jiwe.

Msifikiri mambo yote yalitengenea siku ile. Kijana amerudi nyumbani, lakini bado anapiga katika baa, na sisi bado tunahofia chupa, kwa kuwa hofu ya baba yetu haikuwa ya uongo. Tulimwambia hofu yetu. Amesikia. Siku ya Mungu yuko Misani, macho mazito kwa usingizi, lakini yuko.

Juzi alitusikilizisha wimbo mmoja aliotunga mwenyewe. Tuseme kweli: mwanzo wake haukutupendeza, haraka nyingi, na maneno hatukuyashika yote. Lakini ulipofika mahali gitari zinapoachiwa, tulisikia kidole gumba kinatembea chini, polepole, na cha shahada kinakijibu juu. Tuliutambua mkono ule. Ni wa kaka yetu, na kabla yake ni wa Mwenda.

Ninyi wazazi, kabla ya kulaani muziki wa watoto wenu, kaeni kwanza mpaka mwisho wa wimbo. Nanyi vijana, waulizeni wazee nyimbo zao wangali hai. Disiki hutunza sauti, lakini mkono hufundishwa na mtu aliyeketi karibu nawe.