Gari kubwa au dogo? Somo hili nimelilipia ada

Mazao yakishauzwa, swali ninaloulizwa sana ni la gari: ninunue lile kubwa la juu au dogo? Leo nawaeleza yaliyonikuta mwenyewe.

Gari langu la kwanza lilikuwa kubwa, injini ya cc 2,700, lililotumika miaka mingi. Watu niliwaambia nimelinunua kwa sababu ya barabara yetu, maana masika inateleza. Ukweli ni kwamba nilitaka nikifika kwenye mkutano wa kijiji watu wageuke kuniangalia.

Kutoka hapa hadi mjini na kurudi ni kilometa 120. Gari lile lilikwenda kilometa 6 kwa lita, yaani lita 20 kwa safari. Probox ya jirani yangu mwenye duka, cc 1,500, ilikwenda kilometa 12 kwa lita, yaani lita 10 tu. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni 30,000 kila safari. Nilikuwa naenda mara mbili kwa wiki, kwa hiyo 240,000 ziliteketea kila mwezi. Hapo sijagusa tairi wala shokapu.

Mahindi yalipofika magotini, wakati wa mbolea ya kukuzia ukawadia. Mfukoni hakuna kitu, kwani wiki hiyo nilikuwa nimebadilisha tairi mbili. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, tunalima ili tule sisi au lile gari?" Sikuwa na jibu. Mahindi yakawa ya njano, tena kando ya njia wanayopita wakulima ninaowafundisha kuweka urea kwa wakati. Hakuna aliyesema neno, ila waliona. Ekari mbili zikanipa magunia tisa.

Nililiuza. Sisemi gari kubwa halina kazi. Kama njia yako ni matope miezi mingi au unavuka korongo kila siku, dogo litakwama na mzigo utaharibika. Lakini nilipohesabu kwenye daftari, siku nilizolihitaji kweli hazikuzidi 20 kwa mwaka. Siku hizo ningepanda bodaboda, au tungechangishana na wenzangu kukodi Fuso.

Kabla hujanunua, andika mambo matatu: safari ngapi kwa mwezi, mzigo kilo ngapi kila safari, na siku ngapi njia haipitiki kwa gari dogo. Kisha piga hesabu ya mafuta kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huo, ongeza tairi na matengenezo, uweke pembeni ya faida yako ya mwezi. Gari likimeza faida, subiri kwanza.

Sasa naendesha dogo. Mkutanoni hakuna anayegeuka, lakini mbolea ya msimu huu iko stoo tayari. Maswali leteni kama kawaida.