Herufi Mbili za Mwanzo

Nililikuta faili lile mwezi wa saba, wakati ambapo baridi ya Kinoru hupenya hata blanketi, nikipekua diski ya kompyuta iliyokufa zamani. Liliitwa "simu ya kale", basi. Halikuwa na nukta wala zile herufi tatu za mkiani zinazoijulisha kompyuta ni programu ipi ya kulifungua. Tarehe yake ilikuwa ya 2010. Mwaka huo baba alikuwa bado hai, akipalilia kahawa yake Imenti Kusini, nami nilikuwa na Nokia niliyoionea fahari kupita kiasi.

Ningependa kusema kwamba nilitulia. Sikutulia. Nililijaribu kwa kila programu niliyokuwa nayo. Ile ya kuandikia barua ilinijazia ukurasa vialama visivyosomeka, na nilipotaka kuifunga ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikakubali, kwa ile tabia ya mkono kukubali kabla jicho halijasoma. Faili likaharibika pale pale. Kilichoniokoa hakikuwa busara. Siku nilipolihifadhi, miaka ile, nilikuwa nimelinakili mara mbili kwa kusahau.

Nakala iliyobaki niliipeleka saiba, karibu na uwanja wa michezo. Kijana wa pale nilimfundisha darasa la sita. Hakuniuliza faili linaitwaje. Aliniuliza, "Mwalimu, umetoa kopi?" Akaitoa yeye, ile ya awali akaiweka kando, kisha akaifungua kopi kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Mwanzoni kabisa palikuwa na herufi mbili: PK. Akanieleza kuwa ni za Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mfumo wa zip mwaka 1989, na kwamba baadhi ya simu za Nokia zilizoea kufungasha nakala zao kwa mfumo huo huo, ila zikazipa mkia wa nbf. Akaongeza nukta na neno zip mwishoni mwa jina. Likafunguka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jambo ambalo sijui kama nimelielewa vizuri. Jina la faili mtu yeyote aweza kulibadilisha, au kulipoteza kama mimi. Lakini zile baiti za mwanzo hukaa palepale, zikingoja msomaji. Mimi nilishughulika na jina. Na kijana huyu, miaka ile, nilimpokea darasani akiwa tayari ameitwa mvivu na waliomfundisha kabla yangu, nami nikalichukua jina hilo kama lilivyo, nikamkalisha nyuma. Siwezi kusema nilimfungua vibaya; sikujaribu kumfungua. Nilitaka kumwambia hivyo pale saiba. Nikamlipa, nikamshukuru, nikaondoka.

Usiku wa siku hiyo nilisoma ujumbe wa baba, mmoja baada ya mwingine. Simu ile ilihifadhi kila herufi kwa baiti mbili, kwa hiyo kwenye skrini maneno yalikuja yametenganishwa kwa nukta: M.w.a.n.a.n.g.u. Yalinilazimisha kusoma polepole, kama baba alivyokuwa akiandika, kwa kidole kimoja. Kahawa hawajalipa bado. Mvua imekuja vizuri. Mama yako anasalimu. Karibu kila ujumbe uliishia kwa swali.

Folda ya nilizotuma mimi ilikuwa tupu. Kumbukumbu ya simu zile ilikuwa ndogo, nami nilikuwa nimezima uhifadhi wa nilizotuma ili nipate nafasi ya milio ya simu. Kwa hiyo ninayo maswali yake yote, na sijui ni mangapi niliyoyajibu. Kuna moja ninalolirudia: ndizi zimeiva, nikutumie na gari la saa nne? Nimejaribu kukumbuka kama nilikwenda stendi siku hiyo kuzipokea. Sikumbuki.