Picha za Ndege Kuukuu



Watu wa Kalunguta huniuliza mara kwa mara: "Mwalimu, ndege kuukuu zina faida gani hata upoteze siku nzima Mavivi kuzipiga picha?" Swali hili ni la haki. Mtu mwenye shamba la kulima na watoto wa kufundisha yampasa kutoa hesabu ya siku zake. Basi leo nataka kulijibu.

Kwanza tukumbuke jinsi sisi watu wa Beni na Butembo tulivyo. Mvua huharibu barabara zetu, na vita vya miaka mingi vimezifanya kuwa njia za hofu. Kwa sababu hiyo mambo mengi, mema na mabaya, yametufikia kwa ndege. Zamani ilikuwako DC-3, iliyoruka mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1935. Sabena ya Ubelgiji iliitumia katika Kongo, na Air Congo iliyoanzishwa mwaka 1961 ikaendelea nayo. Baadaye zikaja ndege za Ulaya ya mashariki, kama L-410 ya Chekoslovakia, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969. Hiyo ina propela mbili, huchukua watu wasiozidi 19, wala haihitaji kiwanja kirefu. Ndiyo maana imependwa sana katika nchi yetu.

Kila ndege ina herufi zake ubavuni. Zile za Kongo ya Wabelgiji zilianza kwa OO-C. Za Kongo yetu huanza kwa 9Q au 9S, za Uganda 5X, za Kenya 5Y. Mwenye kuandika herufi hizo pamoja na tarehe ya picha aweza kufuata maisha ya ndege moja toka nchi hata nchi, kama vile mtu afuatavyo ukoo wake.

Lakini ndege ikifa haizikwi. Aluminiamu kuukuu huyeyushwa na mafundi wakasubu sufuria. Siwalaumu, maana mama wa watoto ahitaji sufuria kuliko bawa lililovunjika. Hata hivyo sufuria haiwezi kutusimulia neno. Picha yaweza.

Tazameni Goma. Mwaka 1994 kiwanja chake kilipokea ndege nyingi zilizoleta msaada kwa wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifa kwa kipindupindu. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka ukafunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Kando yake zilibaki ndege mbovu, na watoto wakapanda mabawa yake kucheza. Tena tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228, iliyokuwa ikija kwetu Beni, iliangukia nyumba za watu mara tu ilipoondoka Goma. Watu zaidi ya 20 walikufa, wa ndani ya ndege na wa chini. Mambo haya yote ni ya kukumbukwa.

Lakini nani hasa akumbukwe? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwezi wa Machi 1939 ndege ya Waingereza iitwayo Corsair, ya aina inayotua majini, ilipotea njia ya Juba ikaishiwa mafuta, ikashuka katika mto Dungu karibu na Faradje, kaskazini mwa nchi yetu. Ilikaa pale hata Januari 1940. Ili iondoke, ilibidi mto uzibwe kwa boma, maji yapande. Habari hiyo imeandikwa, na majina ya marubani yanajulikana. Lakini wanakijiji waliobeba mawe na udongo wa boma, nani awataje leo mmoja mmoja?

Siku moja nilipokuwa Mavivi, nikiisha kupata ruhusa, mzee mmoja mpakizi alinijia akisema: "Mwalimu, nitie na mimi hapo chini ya bawa." Nikamwuliza: "Kwa nini, baba?" Akajibu: "Wajukuu wangu hawasadiki kwamba mikono hii ilishusha sanduku za dawa wakati wa Ebola." Aliikunjua mikono yake akaitazama. Nasi wa Kalunguta twajua uzito wa neno hilo, kwa kuwa ugonjwa ule, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha Juni 2020, ulipita katika nyumba zetu pia. Nikampiga picha. Nikaitoa kwa karatasi Butembo, na nyuma yake nikaandika jina lake, kijiji chake, herufi za ndege na tarehe. Sasa wajukuu wanasadiki.

Kijana anayetaka kazi hii na ashike mambo matatu. La kwanza, asiinue kamera kiwanjani kabla ya kupewa ruhusa na wakubwa wa pale. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na picha ya siri yaweza kumfikisha mtu kifungoni. La pili, asipige askari wala silaha zao. La tatu, asipige chuma peke yake. Amtie rubani, fundi, mpakizi, na mama auzaye ndizi mlangoni, kama wanakubali, na kila mmoja aandikwe jina lake.

Ndege hupewa namba siku inapotoka kiwandani, na namba hiyo hutunzwa katika vitabu vya watu wa mbali. Mpakizi wa Mavivi hana kitabu kama hicho. Tukimwacha nje ya picha sisi jirani zake, hakuna mwingine atakayekuja kumtafuta.